Bibi Uulkan Agawa Vidonge

Katika nyumba ya Bibi Uulkan, kazi ya kumimina chai ilikuwa ya Cholpon, na haikuwa kazi ya mchezo. Bakuli la chai hujazwa nusu tu. Ukilijaza hadi juu, mgeni anaelewa kwamba unamwambia anywe upesi aende zake. Cholpon, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliwahi kuwajazia wageni wanne hadi juu, kwa makusudi, na wote wanne wakaondoka. Kwa kosa hilo alifagia zizi la kondoo wiki nzima, na kila asubuhi alilifagia huku akijiambia kwamba hajutii hata kidogo.

Kazi ya kugawa ilikuwa ya Bibi mwenyewe. Huko Tash-Kechuu, mji mdogo wa milimani Kirigizistani, mtu akialikwa karamuni harudi mikono mitupu. Hurudi na mfuko wenye vipande vya nyama, maandazi, zabibu kavu na peremende, ili waliobaki nyumbani nao wapate. Mfuko ukiingia, Bibi Uulkan hukunja mikono ya gauni, huchukua kisu chake na kuanza kugawa kwa uso wa hakimu. Siku moja aligawa yai moja la kuchemsha kwa watu saba. Wa saba, ambaye ni Cholpon, alipata harufu.

Mfuko kama huo ndio uliomharibia Cholpon jina. Mwezi wa Februari aliokota vijiwe mtoni, akavifunga kwa ustadi kwenye karatasi za peremende, kisha akavichanganya na peremende halisi. Alimkusudia binamu yake. Lakini Bibi, katika kugawa kwake, alipeleka fungu zima kwa jirani yao Zuura, muuguzi mkuu wa hospitali ya mji, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta na jino la dhahabu. Jino la dhahabu likang'oka. Tangu siku hiyo, Cholpon akimwona Zuura barabarani, huvuka upande wa pili na kuanza kuyachunguza mawingu kwa makini sana.

Mwezi huo wa Machi, Baba alikuwa malishoni na kondoo, na kaka mkubwa alikuwa Urusi akijenga nyumba za watu wengine. Nyumbani walibaki wanawake: Bibi, Mama, ambaye jina lake ni Gulzat na ni mhudumu katika wodi ya watoto, wifi Meerim, mke wa kaka, na Cholpon. Mwanamume pekee alikuwa Aktan, mtoto wa Meerim, mwenye siku kumi na tisa tangu azaliwe. Huyo kazi yake ilikuwa kulala kwenye susu, kitanda chake cha kubembea, na kuheshimiwa.

Jumatano jioni walikuwa wamekizunguka kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni. Mzee Sagyn, jirani wa upande wa pili, alikuwa amepita kuomba chumvi na kama kawaida yake akabaki kula. Mama alikuwa ametoka zamu asubuhi. Zamu yao ni saa ishirini na nne, halafu mtu hupumzika siku tatu. Jioni hiyo hakuketi mahali pake. Aliketi mlangoni kabisa, mbali na susu.

"Mbona umekaa huko kama mdai?" Bibi akauliza.

"Wodini kumeingia kifaduro, Mama," Mama akamjibu mkwewe. "Watoto sita wamelazwa. Mtoto anakohoa mpaka anakuwa wa buluu, halafu anavuta pumzi kwa mlio kama wa jogoo anayejifunza kuwika. Sisi tunaowahudumia tumepewa vidonge vya kuzuia, tusije tukauchukua ugonjwa na kuuleta nyumbani. Viwili nimemeza leo mbele ya Zuura. Vimebaki vinne, kimoja kila siku."

Akatoa mfukoni karatasi ndogo iliyokunjwa, yenye jina lake.

"Kwani kifaduro ni nini?" akasema Mzee Sagyn huku akichovya mkate. "Sote tumekohoa."

"Kwa mtu mzima ni kikohozi cha kuudhi tu. Lakini mtoto wa siku kumi na tisa anaweza hata asikohoe. Anaacha tu kupumua..." Mama alitazama susu.

Bibi Uulkan akanyoosha mkono. "Lete hivyo vidonge."

Mama akavileta.

"Ugonjwa umeingia mjini," Bibi akasema, "umepewa dawa, nawe umeikunja ule peke yako?"

"Mama, imeandikwa jina la..."

"Hata kadi ya harusi huandikwa jina la mtu mmoja, na tunakwenda kumi na wawili. Nyumba hii haijawahi kula kwa kujificha."

Mama akarudi kuketi mlangoni. Katika ukoo ule mkaza mwana habishani na mama mkwe, hata jina lake hamtaji. Tangu aolewe, Mama hakuwa amewahi kumwambia Bibi neno "hapana" kwa sauti inayosikika.

Bibi akakunja mikono ya gauni, akachukua kisu. Vidonge vinne vikawa nusu nane. Nusu moja kwa mwenyewe, Gulzat. Moja kwa Bibi. Moja kwa Meerim, kwa sababu ananyonyesha. Moja ya Baba, iwekwe kwenye kiberiti mpaka arudi. Mbili kwa Mzee Sagyn, aliyekuwa akikohoa kwa miaka thelathini, yaani tangu alipoanza kuvuta tumbaku.

"Chungu!" akasema Mzee Sagyn baada ya kumeza, uso umemkunjamana kwa furaha. "Hii ni dawa kweli."

"Na hii ni yako," Bibi akamwambia Cholpon.

Cholpon akaitazama nusu ile kiganjani mwa bibi yake. "Sitaki."

Mzee Sagyn akaacha kutafuna. Kukataa fungu kutoka mkononi mwa mtu mzima ni jambo ambalo Cholpon mwenyewe, pamoja na utundu wake wote, hakuwahi kulijaribu.

"Umesema nini?"

"Sitaki, Bibi. Si langu hilo. Ni la Mama."

Bibi akaitupia ile nusu kwenye kiberiti cha Baba. Akaisaga nusu ya nane kwa mgongo wa kijiko, akaitia maji ya vuguvugu, akasogea kwenye susu. "Na huyu bwana mdogo naye apate, asije akasema bibi yake alimnyima."

Meerim akamkumbatia mtoto. Alimtazama Mama, na Mama alikitazama kitambaa cha chakula. Kijiko kilikuwa kimefika karibu kabisa na midomo ya Aktan, Cholpon aliporuka juu ya kitambaa, juu ya mkate na kila kitu, akakipiga kijiko kwa kofi. Maji yakamwagikia gauni la Bibi. Kijiko kikaenda kugonga birika, kikalia kama kengele ya shule.

"Mtoto wa mawe wewe!" Bibi akafoka. "Juzi jino la watu, leo kijiko changu! Ondoka mbele ya kitambaa changu!"

"Naondoka. Lakini Aktan hanywi."

"Na kesho hutamimina chai!"

"Basi mtajimiminia!"

Akatoka kichwa juu, kama malkia anayehama ikulu. Alipofika zizini ndipo alipogundua kwamba malkia hakubeba hata kipande cha mkate.

Baada ya muda Mama alimfuata na mkate ndani ya shali. Wakaketi juu ya nyasi kavu, kondoo wagonjwa walioachwa na Baba wakiwakodolea macho.

"Hukupaswa kumpigia bibi yako kelele," Mama akasema.

"Na wewe ulipaswa kupiga kelele."

Mama akammegea mkate. "Nitamweleza Zuura Jumamosi, nikirudi zamu."

"Jumamosi! Utakuwa umekaa siku zote hizo bila dawa. Na kama ugonjwa umeshakuingia?"

"Cholpon, tulitia saini. Kila mhudumu aliandika kwamba atameza mpaka kidonge cha mwisho. Zuura akijua leo, ataniondoa wodini. Usimwambie mtu. Niahidi."

Maishani mwake Cholpon alikuwa ametoa ahadi nyingi, nyingi zikiwa za bei nafuu. Alimfikiria Aktan, ambaye kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko bakuli la chai.

"Siahidi," akasema. "Wewe ulitia saini. Mimi sikutia."

Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hospitalini, miguu ikizama kwenye theluji inayoyeyuka. Mlangoni kulibandikwa tangazo kwamba watoto hawaruhusiwi kuingia kwa sababu ya ugonjwa. Akasimama uani na kuomba aitiwe muuguzi mkuu. Zuura alipotokea na barakoa usoni na kumwona aliyemwita, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye taya.

"Wewe!"

"Shikamoo. Nimekuja na mambo mawili," Cholpon akasema, akiwa amejizuia kutazama mawingu. "La kwanza, vijiwe vilikuwa vyangu. Nilivifunga mwenyewe. Naomba radhi kwa ajili ya jino lako. La pili ni baya zaidi."

"Baya kuliko jino langu?"

Cholpon akaeleza yote: kisu, nusu nane, kiberiti, Mzee Sagyn, kijiko. Zuura alisikiliza bila kupepesa macho. Cholpon alipofika kwenye kijiko, Zuura alishusha pumzi ndefu.

"Dawa ya mtoto mchanga daktari huipima kwa uzito wa mtoto mwenyewe," akasema. "Haikatwi kwa kisu cha jikoni. Kwa nini mama yako hakuja?"

"Anaogopa utamwondoa kazini. Ukimwondoa, basi niondoe na mimi."

"Wewe hufanyi kazi hapa."

"Basi niajiri kwanza."

Zuura akageuka upande, mabega yakimtikisika. Haikujulikana kama ni hasira au kitu kingine. Kisha akaingia ndani, na kupitia dirisha Cholpon alimsikia akipiga simu kwa wahudumu wote walioko nyumbani, mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya tarumbeta. Aliporudi uani, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Watatu wengine," akasema. "Mmoja amewagawia watoto wake. Mmoja amewapa wazee wa nyumba. Wa tatu amempa kondoo."

"Kondoo?"

"Alikuwa anakohoa. Anasema sasa hajambo." Zuura akavua kofia, akajikuna kichwa. "Kosa ni langu pia. Nilidhani kuandika jina kwenye karatasi kunatosha. Nilisahau ninaishi na watu gani. Haya, tangulia. Leo ndiyo siku ya pili ya dawa ya mama yako, na jua bado lipo. Akimeza kabla halijazama, hajapoteza siku hata moja. Daktari ameniruhusu kuchukua vya dereva wetu mmoja, ambaye moyo wake hauelewani na dawa hii."

Bibi Uulkan alimpokea Zuura kwa heshima zote, akampa mto mzuri na bakuli la chai. Alipoona karatasi nyingine yenye vidonge vinne, uso ukamng'aa.

"Umetuongezea!"

"Hapana, Mama Uulkan. Hivi ni vya Gulzat peke yake, na nitamwona anavimeza. Jana mlifanya makosa. Nusu kidonge hakiui vijidudu, kinavizoesha dawa tu. Siku mtu akiugua kweli, vitaicheka ile dawa. Na Gulzat ndiye anayewanawisha wale watoto sita. Asipokingwa yeye, kesho kifaduro kinalala kwenye susu ile."

Bibi akaweka bakuli chini taratibu. "Wewe binti, nilipokuwa mdogo, baada ya vita, mama yangu alikata mkate kwa uzi ili sote sita tupate sawasawa. Hakuna aliyekufa. Leo unataka mtu mmoja atafune hapa mbele yangu sisi tukimtazama? Nyumbani kwangu hakuna anayekula peke yake. Nimemaliza."

Zuura, aliyezoea kuwaamrisha hata madaktari, akaishia kulizungusha bakuli la chai mikononi. Mtu hawezi kumkatiza mwanamke wa miaka sabini na minne aliyeketi kwenye mto wake mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa. Dirishani jua lilikuwa limeshaugusa mlima.

"Bibi," Cholpon akasema kutoka mlangoni, mguu mmoja nje kwa kuwa alikuwa bado amefukuzwa. "Kwa nini ulikaa miaka miwili bila kuzungumza na Mjomba Bektur?"

"Hilo linahusu nini?"

"Nauliza tu."

"Unajua vizuri! Kwenye harusi ya mwanawe walichukua mfupa wa nyonga, wakamwekea yule mwanamke wa bondeni. Mbele yangu!"

"Si ungesema tu mgawane?"

"Tugawane?" Bibi alikaribia kusimama. "Nyama ya mfukoni ndiyo ya kugawana! Mfupa una mwenyewe! Wa nyonga ni wa bibi mkubwa, kichwa ni cha mzee, kidari ni cha mabinti. Ukimpa mtu mfupa wa mwenzake umemtukana yeye na ukoo wake. Mtoto mdogo analijua hilo!"

"Analijua," Cholpon akasema. "Zuura aliketi na daktari wakapanga nani apewe nini. Huyu anayewanawisha wagonjwa apewe. Yule mwenye moyo mbovu asipewe. Kisha wakaandika majina. Sasa huo ni mfuko, Bibi, au ni mfupa?"

Meerim akaacha kuitikisa susu. Bibi Uulkan aliichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma jina la mkaza mwana wake, herufi moja moja. Kisha akainua uso na kuwatazama wote kwa hasira, kana kwamba walikuwa wamemficha jambo.

"Na kwa nini hakuna aliyeniambia tangu jana kwamba ni mfupa?"

Akaamuru iletwe sinia kubwa, ile inayotolewa siku za harusi tu. Akaweka kidonge kimoja katikati, kikaonekana kama punje iliyopotea jangwani. Akamtolea Gulzat kwa mikono miwili. "Chukua fungu lako, mwanangu. Yote."

Mama akameza. Machozi yalimlengalenga, na si kwa uchungu wa dawa.

"Inua ulimi," Bibi akasema. Akachungulia. "Vizuri. Kesho saa hii hii."

Mama akamgeukia Zuura. "Kuhusu ile saini..."

"Nikiwaondoa wote waliogawa, wodini nitabaki na kondoo," Zuura akajibu. "Jumamosi njoo kazini. Ila siku nyingine ukishindwa kusema nyumbani, njoo useme kwangu. Usingoje kusemewa na mtoto."

Ijumaa, Jumamosi na Jumapili sinia ilitoka. Jumamosi, Mama akiwa zamu, Bibi aliibeba mwenyewe hadi uani mwa hospitali ili ashuhudie, na Zuura hakuthubutu kumzuia. Mzee Sagyn alipokuja kuulizia fungu lingine, alifukuzwa toka mlangoni. "Kaache tumbaku kwanza!" Nusu ya Baba na ile aliyoikataa Cholpon, zilizokuwa kwenye kiberiti, zilirudishwa kwa muuguzi mkuu, zikiwa na harufu ya njiti.

Cholpon alihukumiwa wiki mbili za zizi.

"Kwa ajili ya jino, sawa," akasema. "Kwa ajili ya kijiko, sikubali."

"Nani ametaja kijiko?" Bibi akajibu.

Wiki tatu baadaye Aktan alitimiza siku arobaini. Wodini watoto wote sita walikuwa wamepata nafuu, na Mama hakuwa amekohoa hata mara moja. Majirani walikuja, na Bibi akamwogesha kitukuu wake kama ilivyo desturi, kwa vijiko arobaini vya maji, akihesabu kwa sauti. Kijiko kilikuwa ni kile kile, chenye kovu la birika. Kufikia cha thelathini Aktan alipiga kelele zilizosikika mpaka barabarani, kelele nene, safi, zisizo na kikohozi ndani yake.

Baada ya kula, Bibi alikunja mikono ya gauni ili agawe, lakini kwanza akagonga sinia.

"Nisikilizeni, maana nimechelewa kulijua hili na silipendi kulisema mara mbili. Chakula mle pamoja. Dawa kila mtu ameze yake, yote, siku zake zote, kama alivyopangiwa na wanaojua. Gulzat alimeza vidonge vyake peke yake mbele ya macho yangu, nikaona ni uchoyo. Sasa sikieni huyu anavyolia. Hilo ndilo fungu letu sote." Akamtazama Cholpon. "Na mtoto akiona mkubwa anakosea, aseme kweli, hata kama sauti zote nyumbani zimenyamaza. Lakini asiruke juu ya mkate."

"Hata kama..." Cholpon akaanza.

"Cholpon."

"Nimenyamaza."

Bibi akamwekea kipande cha kidari, kikubwa kuliko umri wake. Zuura, mwenye jino jipya la dhahabu, akapewa mfuko wa kwanza. Akatoa peremende moja, akaigonga kwenye bakuli mara tatu, akasikiliza, ndipo akaifungua. Wageni wote wakafanya vivyo hivyo, nyumba nzima ikawa inagonga.

Cholpon akawamiminia chai, kila mmoja nusu bakuli, kwa adabu isiyo na dosari. Mwisho akajimiminia yeye mwenyewe. Akajaza hadi juu kabisa, akaketi, akainywa polepole, na hakuondoka.